Uzi wa Kiuno

9 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na ile cherehani yenye kelele. Sisi hatujambo. Baba mtoto yuko kazini, wanajenga ghorofa mbali na hapa, anarudi mwisho wa wiki akiwa na saruji mpaka kwenye kope. Mume wako naye hajambo. Najua kila bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, lakini wewe ulimposa huyu kabla hajazaliwa, kwa hiyo pokea habari zake: ananyonya, analala, anakunja uso kama mzee aliyedhulumiwa kiwanja. Nywele za mbele zimemtoka zote. Usije ukaghairi kwa ajili ya upara.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu iliangukia kwenye ndoo ya nepi, na kwa simu ya jirani siwezi kusema mambo ya tumbo langu, jirani mwenyewe akiwa amekaa pembeni. Mzigo unakuja na basi, barua ipande humo humo.

Shida yangu ni gauni la kazi. Likizo ya uzazi inaisha mwezi ujao. Sisi tunaohudumu ukumbi wa chakula pale hotelini tunavaa lile gauni la kijani lenye vifungo mbele, unalikumbuka. Juzi nimelijaribu. Mikono iliingia, mgongo ukaingia, mbele vifungo vikabaki kuonana kwa mbali na matundu yake. Nilikaa kitandani nikalia, mtoto akasikia naye akalia, tukawa kwaya.

Nilikwenda kumuuliza msimamizi wetu kama naweza kupata kubwa zaidi. Ni yule tunayemwita Rula, kwa sababu amenyooka na anapima kila mtu. Akasema hoteli haishoni gauni jipya kwa kila anayezaa, ila nikishona mwenyewe kwa kitambaa kile kile hana neno, mradi vifungo vifunge. Hakusema kwa ubaya. Hata habari za asubuhi anazisema hivyo hivyo.

Dada mmoja aliyeacha kazi kanipa magauni yake mawili. Yamo kwenye mzigo, uyafumue upate moja. Najua wewe na namba za futi hamjawahi kupatana, kwa hiyo nimeweka nyuzi kama ulivyotufundisha: fundo moja kifua, mawili kiuno, matatu nyonga.

Na mama mdogo, njoo. Hata wiki moja tu. Mama angekuwa hai nisingekusumbua. Siku nyingine nakaa na mtoto tangu asubuhi mpaka jioni bila kusema neno na mtu mzima, na machozi yananitoka hata bila kitunguu. Sijui ni nini.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine weka akiba. Mimi mzima wa afya. Tetea mweusi ameatamia mayai ya mwenzake na hataki kusikia la mtu. Fundi viatu wa hapa jirani ameoa tena, safari hii kaoa mrefu kuliko yeye, harusini alipanda ngazi kumvisha shela. Wananiambia hivyo, mimi sikwenda.

Mume wangu mpe busu la upara. Mwambie mapenzi hayana nywele.

Sasa hili la vifungo ndilo la kulilia? Mwanamke akitoka uzazini amenona, watu wanajua katunzwa. Ningekuona umekonda ndipo ningemwita mkwe wangu nimuulize maswali. Wewe umenawiri, mwanangu. Acha kitambaa ndicho kione aibu, ndicho kilichoshindwa.

Mzigo nimeupata. Nyuzi nimezitandaza mezani, nikazitazama, nikaenda kuwapa kuku maji, nikarudi nikazitazama tena. Kisha nikakata. Fundi akishakata haongei sana.

Niandikie unakula nini. Usiniandikie "nakula", niandikie chakula chenyewe. Na hayo machozi usiyafiche, mwambie mumeo, mwambie nesi. Mficha uchi hazai, nawe umeshazaa, basi una haja gani ya kuficha tena?

Kuja siwezi kwa sasa. Nina lundo la sare za shule mpaka dirishani. Halafu mvua. Halafu huyu tetea. Gauni litakufikia na basi la Jumamosi.

Mama yako mdogo


25 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Wazima wote. Mume wako ameanza kucheka, tena anauchekea ukuta. Sisi tunaomlisha anatukunjia uso.

Gauni limefika! Nililivaa nimefumba macho. Nikaanza kufunga vifungo kwa kupapasa, kutoka chini, kimoja kimoja, nikingoja kile kitakachogoma. Hakuna kilichogoma! Vimefunga mpaka shingoni. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta akidhani nimezaa tena.

Sasa nikwambie siri. Ule uzi wa mafundo mawili sikuupima mwilini. Niliuzungusha kwenye gauni langu la harusi, lile ulilonishonea mwenyewe. Nilikuwa nimeanza chai ya Mama Majani, huyu jirani wa chumba cha mwisho anayeuza majani ya kupunguza tumbo, nikajiambia: gauni likifika nami nitakuwa nimefika. Na nimefika! Baba mtoto anasema haoni tofauti, lakini wanaume huona nini? Kioo changu ni cha usoni tu, hakinionyeshi tumbo. Ila gauni halisemi uongo, hasa gauni lako.

Umeniuliza chakula. Wakati wa mimba nilikuwa namalizia mikate na viazi vya kukaanga vinavyobaki ukumbini. Likizoni nimeishi kwa mkate na chai ya sukari, maana mtoto akiwa mkononi ndicho kinachoandalika. Sasa vyote nimeacha. Asubuhi nakunywa chai ya majani, mchana nakula kidogo, usiku sili. Tumbo linasokota na msalani nimehamia, lakini Mama Majani anasema ndiyo kazi yake, inasafisha.

Nimerudi kazini. Mtoto anabaki na huyo huyo Mama Majani, na mapumziko nakimbia nyumbani kunyonyesha. Rula alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni akasema, "Sawa." Kwa Rula hiyo ni nishani.

Njoo basi unione nilivyo kabla sijazeeka.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mara kalamu haikuonekana, mara ikaonekana karatasi ikapotea, mara mkanda wa cherehani ukakatika. Tetea ametotoa. Vifaranga havifanani naye hata kimoja, naye hajali.

Gauni kukuenea nimefurahi. Mimi ni fundi, nguo yangu ikimwenea mtu mimi nafurahi, hayo mengine tuyaache.

Lakini hiyo chai iache. Tafadhali. Mtu akifika safari yake si hushuka? Wewe vifungo vinafunga, sasa unakwenda wapi tena? Mama anayenyonyesha anakula, mwanangu, tena anakula usiku, kwa sababu huyo bwana wako mdogo ndiye anayekula usiku. Pika maharage mengi kwa mara moja, yakae. Weka mboga ya majani, ya kula, siyo ya Mama Majani. Maji kunywa kama unalipwa.

Kuja ningependa. Mkanda wa cherehani ukipatikana kazi zitakuwa zimelundikana, na wateja hawaelewi. Tuone mwezi ujao.

Niandikie upesi. Nasema upesi.

Mama yako mdogo


13 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Hatujambo. Baba mtoto kahamishiwa jengo la mbali zaidi, sasa anakuja mara moja kwa mwezi.

Umesema nikifika nishuke. Lakini nikiacha si itarudi? Kwa hiyo nimeongeza kikombe cha jioni, kuwa na hakika. Gauni limeanza hata kunipwaya mabegani. Rula amenisifu mbele ya wenzangu kwa unadhifu.

Kliniki wamempima mume wako. Mstari wa uzito wake ulikuwa unapanda, mwezi huu umelala. Nesi akauliza kama maziwa yanatosha. Nikasema yanatosha. Kulikuwa na foleni ndefu nyuma yangu.

Hayatoshi, mama mdogo. Ananyonya, anaachia, analia, ananitazama kama mimi ndiye niliyemfichia. Mama Majani anasema nimpe uji. Sijui. Kichwa kinazunguka nikipanda ngazi za ukumbi, lakini ngazi zile ni ndefu.

Usihangaike kuja. Najua una wateja.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Salamu utaniwia radhi, leo ziko chini ya barua.

Hiyo chai haijakufikisha popote. Gauni lilikuenea kwa sababu nililishona likuenee. Ule uzi wa kiuno sikuufuata.

Nilipozitandaza nyuzi zako niliona kifua cha mama anayenyonyesha na nyonga za mama aliyezaa, na katikati kiuno cha bibi harusi. Mwili wa namna hiyo hakuna, labda uwe nyigu. Nikakitambua hicho kiuno, maana nilikikata mwenyewe kwa mkasi wangu. Nikajua umepima gauni la harusi, nikajua na sababu. Basi uzi nikauweka kando. Nikamkumbuka mama yako alivyokuwa baada ya kukuzaa wewe, nami ndiye niliyemshonea, na nyinyi wawili mna umbo moja. Nikakata kwa kumkumbuka yeye. Fungua upande wa ndani, chini ya makwapa, utaona nimeongeza kipande ubavuni kulia na kushoto. Ukitaka hakika zaidi, lilaze juu ya gauni la harusi.

Nilidhani nakupa sitara. Nilisema litamwenea, atakwenda kazini, hakuna aliyeaibika, yamekwisha. Kumbe nimekupa sababu ya kujinyima chakula. Barua yako ya furaha ilipofika nilijua hapo hapo nilichofanya. Ningekuandikia siku ile ile. Nikaionea huruma furaha yako, nikakuletea hadithi ya safari na kushuka. Huo ulikuwa woga.

Mwaga hayo majani leo. Rudi kliniki hata kama siyo siku yako, umwambie nesi ukweli: hujala, unaharisha, kichwa kinazunguka, maziwa yamepungua. Foleni ingoje. Kula, halafu mnyonyeshe, halafu kula tena.

Unijibu hata mstari mmoja. Salamu kwa wote.

Mama yako mdogo


24 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu. Kila basi likifika namtuma muuza mkaa akaniulizie, mpaka makarani wa mizigo wakimwona wanatikisa kichwa kabla hajafungua mdomo.

Hata ukinitukana, andika. Niambie tu kama mtoto ananyonya. Cherehani siigusi. Nikikaa mbele yake naona kijani.

Mama yako mdogo


12 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo.

Mtoto ananyonya. Naanza na hilo kwa sababu wewe ni mtu mzima na sitaki ukae na presha.

Barua yako ya Mei niliipata mapema. Niliisoma mara moja nikaisukuma chini ya godoro. Sikuamini. Nitasema kama nilivyowaza: niliona unanionea wivu, umenona mwenyewe na hutaki mwenzio apungue. Jioni ile nikanywa chai vikombe viwili kwa hasira.

Siku chache baadaye nikaanguka ukumbini. Nilikuwa nimebeba sinia la supu, wageni wanangoja. Nakumbuka ngazi, kisha nakumbuka dari. Aliyenishika kichwa ni Rula. Alipiga magoti sakafuni kwenye supu, na sketi yake ile ya pasi, akaninywesha maji ya sukari kwa kijiko. Akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Nikamwambia majani. Akasema, "Nani alikutuma? Mimi nilisema vifungo vifunge. Nilisema ule majani?" Sauti ilikuwa ya ukali lakini kijiko hakukiacha.

Akanipeleka kliniki mwenyewe, mtoto akamchukua njiani kwa Mama Majani. Nesi akampima mtoto, akaandika. Kisha akaniuliza, "Na mama mwenyewe anaendeleaje?" Mama mdogo, tangu nijifungue kila mtu ameniuliza mtoto. Nilifungua mdomo nijibu hajambo, kikatoka kilio. Nililia mpaka mtoto akanyamaza kunisikiliza. Nikamwambia yote, ya chai, ya uzi, ya kukaa siku nzima nikiutazama mlango nisiweze kuinuka. Akasema hayo ya mlango nayo ni ugonjwa, wanao wengi, na unatibika. Ananiita kila wiki tuzungumze. Akasema uzito wa uzazi hushuka polepole, na unaposhuka mama awe anakula.

Chai nimeacha. Mama Majani alinuna wiki nzima, kisha akaniambia hata yeye hainywi. Mtoto nimemtoa kwake, sasa namwacha kwa mke wa kinyozi. Rula kaniweka zamu ya asubuhi, na mpishi ana amri yake kwamba sitoki jikoni bila sahani ya maharage. Baba mtoto nilimwambia kwa simu ya hoteli. Akasema, "Nilikwambia sioni tofauti, nikadhani nakusifu." Amerudi jengo la karibu, kwa ujira mdogo, lakini anakuja kila jioni.

Maziwa yamerudi, si yote. Mstari wa mtoto umeanza kupanda. Gauni lako nimelifumua kwapani, nimeviona vile vipande. Umevishona vizuri kiasi kwamba nilitamani kukuchapa na kukubusu.

Sasa hasira yangu ndiyo hii. Uliniona kwenye nyuzi. Kabla ya nesi, kabla ya Rula, kabla ya mume wangu, wewe ulikaa mbali huko ukajua nauonea aibu mwili wangu, ukajua nadanganya. Ukashona, ukanyamaza! Na kabla ya hapo nilikwambia njoo, nalia sijui kwa nini. Ukaniletea sare, mvua na tetea. Mama mdogo, tetea? Mimi nimelelewa na wewe. Nilipougua surua ulifunga duka mpaka nikapona. Mtu aliyefunga duka kwa surua anashindwaje kuja kwa hili?

Nataka jibu la kweli. Kama huna, usiniandikie habari za kuku.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mtoto ananyonya. Nashukuru. Huyo Rula mwambie namshonea sketi siku atakayo.

Unataka jibu la kweli. Sijawahi kulisema kwa mtu, kwa hiyo likija limepinda, lisamehe.

Baada ya harusi yako mwili ulizidi kuongezeka. Ulianza kunijia zamani, nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho, huyu aliyekwenda bweni mwaka jana, nami nikawa nasema nimenawiri, na watu wakasema umenawiri. Kisha ukaja mwingi kuliko neno lenyewe. Mwaka juzi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Wakatupa viti vya plastiki. Cha kwangu kikavunjika miguu yote kwa mpigo, nikaenda chini mbele ya walimu na wazazi, watu ninaowashonea. Wakacheka. Nami nikacheka, tena nikacheka kuliko wao, nikatoa na utani wa kwamba kiti kilikuwa hakijala. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango.

Tangu siku ile sijatoka nje ya ua. Wateja wanakuja, muuza mkaa ananiletea mahitaji, harusi nazihadithiwa. Miguu inavimba. Kliniki waliwahi kuniambia nina presha, nirudi wanipime, sikurudi, maana mzani wao uko mlangoni na foleni nzima inasoma pamoja nawe. Ndiyo maana sikuja. Nilikuwa nawaza kiti cha basi, na mtu wa pembeni atakavyopumua kwa kuudhika. Nilikuwa nawaza utakavyonifungulia mlango na uso utakaoufanya kabla hujauzuia.

Wewe ulipoandika kwamba vifungo havifungi, nilikuelewa kuliko mtu yeyote duniani. Ningekwambia hivyo hivyo, labda usingeyanywa majani. Badala yake nikakuhubiria kunawiri, na nikakushonea sitara kama ninazojishonea mwenyewe, magauni mapana yasiyo na kiuno. Mganga hajigangi, walisema, nami ni fundi ninayevaa mahema.

Hilo ndilo jibu. Siyo la kuku. Ukikasirika zaidi una haki.

Nakupenda, na sikulisema hilo katika barua hata moja.

Mama yako mdogo


11 Agosti

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wako ana meno mawili ya chini na anauma, kwa hiyo ile posa ifikirie upya ukiwa bado na muda.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, baba mtoto akisikiliza. Nilipofika kwenye kiti alitoka nje. Nilidhani amekwenda kucheka, nikajiandaa kugombana. Alikuwa anakagua benchi letu la uani. Amerudi kasema ni mbao ya kujengea, limebebeshwa mifuko ya saruji, halina wasiwasi. Ndivyo anavyojua kusema mambo.

Sikasiriki zaidi. Nilikaa nikajaribu, haikuja. Nilikuona umeketi na mlango umefungwa, wewe huko na mimi huku, kila mtu akimwandikia mwenzake kwamba hajambo.

Humu ndani nimekuwekea tiketi ya basi, ni ya viti viwili, vyote vyako. Weka mkoba kwenye kimoja, atakayeuliza mwambie mkoba una tiketi. Ni ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, tutakupokea kituoni sisi watatu. Kuhusu uso wangu, siwezi kukuahidi kitu. Nitalia, hilo najua, kwa hiyo usikisome kilio changu vibaya. Nawe utaniona tumbo langu, lipo bado, limekaa kama mpangaji asiye na haraka. Mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mgonjwa si mmoja.

Jumanne inayofuata ni siku yetu ya kliniki. Nimeshamwambia nesi nakuja na mama. Mzani wa watu wazima kwao uko nyuma ya pazia, na pazia linafunga vizuri, nimelikagua. Mimi nimekwenda pale wiki zote hizi, kila wakinielekeza kwenye mzani nasema siku nyingine, nao hawajanilazimisha. Siku hiyo tutaingia wote wawili.

Nitapanda mimi kwanza.

Mwanao